Nguo ya kuazima: skripti iliyoharibika kila nilipotoka kwenye seva

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Seva ya zamani ilikuwa inaondolewa, na ndani yake mlikuwa na makundi 118 ya nyaraka zilizoskaniwa, kila kundi na folda yake. Kila folda ilitakiwa kugeuzwa kuwa PDF, kupelekwa kwenye seva mpya, kisha nakala ya muda ifutwe. Kundi moja lilikula dakika tano au sita, hivyo yote ni kama saa 11. Mchana seva hiyo ina watu, kwa hiyo kazi ilikuwa ya usiku: niiwashe jioni, nitoke, nikalale, asubuhi niikute imekwisha.

Ilikwisha usiku wa nne. Nakieleza kisa chote kwa sababu kila usiku ilikwama kwa sababu tofauti, na lile jibu ambalo kila mtu hukupa kabla hujamaliza kuuliza, "weka nohup" (amri ya kuizuia kazi isife ukikatika), lilifaa kwa usiku mmoja tu.

Kiini cha skripti kilikuwa mistari hii minne, ya kubadilisha kundi, kulipeleka seva mpya (rsync), kuliandika kwamba tayari na kufuta nakala, ndani ya mzunguko unaoruka makundi yaliyokwisha kuandikwa kwenye tayari.txt:

```
badilisha "$kundi"
rsync -a kazi/"$kundi" mpya:/hifadhi/
echo "$kundi $(date +%H:%M)" | tee -a tayari.txt
rm -r kazi/"$kundi"
```

Aliyezoea kazi hizi ameshaona kasoro kwenye mstari wa pili na wa tatu. Mimi sikuiona hadi iliponiumiza.

Usiku wa kwanza

Mchana ule nilikuwa nimefanya jaribio, na jaribio hilo ndilo lililonipoteza. Niliandika:

```
(sleep 600; date > ushahidi.txt) &
exit
```

Nikarudi baada ya robo saa. Faili la ushahidi lipo, saa yake ni sahihi. Nikajisemea: basi alama ya & ya kuiweka kazi nyuma inatosha, hizo habari za nohup ni mazoea ya wazee. Jioni nikaandika `./hamisha.sh &`, nikaitazama ikienda mpaka karibu saa mbili usiku, nikafunga laptopu bila hata kuandika exit.

Asubuhi tayari.txt ilikuwa na mistari 16. Wa mwisho ulisema 20:01. Mchakato haupo.

Kwa nini jaribio lilipona na kazi yenyewe ikafa? Kwa sababu kutoka ni kwa namna mbili, na Linux haizitendei sawa. Unapoandika exit, bash, programu inayopokea amri zako, inaondoka kwa hiari yake. Kwa kawaida haiwatumii ishara yoyote (ujumbe mfupi wa mfumo kwa programu) watoto wake, yaani programu ilizoziwasha, wanaofanya kazi chinichini. Kuna swichi inayoitwa huponexit, na ukiandika `shopt huponexit` utaona kwamba huwa imezimwa. Kerneli, kiini cha Linux yenyewe, nayo, kiongozi wa kikao (hapa ni bash) anapoondoka, hupeleka ishara kwa kundi lililoko mbele kwenye terminali, na wewe kazi yako uliiweka nyuma. Ndiyo maana sleep yangu ilisalimika.

Muunganisho unapokatika mambo hugeuka. Terminali inaondolewa, kerneli inaipelekea bash ishara namba 1, SIGHUP, na bash kabla ya kufa inaisambaza ishara hiyohiyo kwa kazi zake zote, za mbele na za nyuma. Jina la SIGHUP limetoka enzi za modemu: maana yake ni kukata simu. Mtu wa upande wa pili amekata, basi nanyi fungeni virago. Programu isiyosema itafanya nini ikipata ishara hiyo hufa, na yangu haikusema.

Unaweza kuiona tofauti kwa macho. Washa sleep mbili, moja tupu na moja yenye nohup, kisha uangalie zile ishara ambazo kila mmoja anazipuuza:

```
$ sleep 600 &
$ grep SigIgn /proc/$!/status
SigIgn: 0000000000000000
$ nohup sleep 600 &
$ grep SigIgn /proc/$!/status
SigIgn: 0000000000000001
```

Ile 1 ya mwisho ndiyo nohup karibu yote. Inaizibia programu masikio kwa ishara moja, halafu, kama maandishi yalikuwa yanakwenda kwenye terminali, inayaelekeza kwenye faili la nohup.out. Haina uchawi mwingine.

Hapo nikadhani nimemaliza uchunguzi. Lakini kulikuwa na jambo lililonitazama usoni na nikalipita. Amri ya `last`, inayoorodhesha walioingia na kutoka, ilionyesha kikao changu kilifungwa saa 20:17. Hilo lenyewe lina maelezo: laptopu ikilala haiagi, seva huendelea kutuma data na kungoja jibu, na kwa mpangilio wa kawaida wa Linux hujaribu tena na tena mara 15, jumla si chini ya sekunde 924.6, yaani dakika 15 na ushei, ndipo ikate tamaa. Ule mstari wa kundi la 16 ulioandikwa kwenye skrini ya laptopu iliyolala ndio uliokosa jibu. Kutoka 20:01 hadi 20:17, hesabu inakubali.

Sasa basi: skripti ilikuwa hai kwa dakika hizo zote 16, na kundi moja linachukua dakika tano au sita. Makundi mengine mawili yako wapi? Sikujiuliza.

Usiku wa pili

Usiku huu nilifuata kanuni. `nohup ./hamisha.sh &`, nikapata ule ujumbe wa kwamba maandishi yanakwenda kwenye nohup.out, nikangoja makundi tisa yapite, nikaandika exit kwa adabu. Ilikuwa saa 19:50. Makundi yaliyobaki yalikuwa 93, kwa hiyo nilitarajia imalize saa kumi na ushei alfajiri.

Asubuhi tayari.txt ilikuwa na mistari 118. Wa mwisho: 00:46. Imemaliza mapema kuliko hesabu, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi. Nilidhani mtandao wa usiku ni mwepesi. Nikampigia mwenzangu aliyekuwa akingoja nyaraka upande wa pili.

"Kaka, huku folda ziko 25 tu."

Kumi na sita za usiku wa kwanza, jumlisha tisa nilizozitazama kwa macho yangu. Baada ya mimi kutoka, hakuna kilichofika. Faili la nohup.out, ambalo ningelifungua kabla ya kupiga simu nisingeaibika, lilikuwa limejaa ujumbe uleule mara 93: Permission denied, na chini yake rsync ikilalamika kwa namba 255.

Kisa ni hiki. Seva ya zamani haikuwa na ufunguo wowote wa kuingilia seva mpya. Ufunguo ulikuwa kwenye laptopu yangu. Nilikuwa ninaingia kwa `ssh -A`, namna ya kuingia seva ya mbali ambayo huiruhusu seva kumwomba wakala wa funguo aliye kwenye laptopu athibitishe kwa niaba yangu. Kwenye seva ile kilichoonekana kilikuwa soketi moja, yaani mlango wa kuzungumza na wakala, ndani ya /tmp, na anwani yake ilikuwa kwenye kigezo cha SSH_AUTH_SOCK. Nilipotoka, sshd, programu inayopokea wanaoingia kwenye seva, iliifuta soketi hiyo, kama inavyopaswa. Skripti iliendelea kuishi, SSH_AUTH_SOCK yake ikiwa bado inaelekeza mahali ambapo hapana kitu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na lile fumbo la dakika 16 likajijibu. Usiku wa kwanza kikao kilikuwa bado hakijafungwa rasmi, soketi ipo, ila wakala aliyekuwa upande wa pili amelala pamoja na laptopu. Skripti ilimaliza kubadilisha kundi la 17, ikaomba ithibitishiwe, ikakaa inangoja jibu ambalo halikuja, mpaka kamba ilipokatika. Ningeliuliza swali hilo mapema ningeuokoa usiku mmoja.

Lakini wakala hana lawama peke yake. Skripti yangu iliandika "tayari" bila kuuliza kama rsync imefaulu, kisha ikafuta nakala iliyobadilishwa. Kazi ya saa tano ya kichakato ilitupwa folda kwa folda, kwa utulivu kabisa. Mafaili ya asili yalikuwa salama kwa kuwa skripti haikuyagusa, na hilo lilikuwa bahati zaidi kuliko mpango. Mchakato uliokufa hukuamsha. Ulio hai na haufanyi kitu ndio wa kuogopa, maana kila unachokitumia kuukagua kinakwambia mambo ni shwari. ps, amri ya kuorodhesha michakato, inauonyesha, orodha inarefuka, wewe unakunywa chai.

Nilirekebisha mambo matatu. Juu ya skripti nikaweka `set -euo pipefail`, ili amri ikikosea skripti isimame. Kuandika kwenye tayari.txt nikakufunga kwa && nyuma ya rsync. Na ssh nikaipa `-o BatchMode=yes` ili isijaribu kamwe kuuliza nenosiri mahali ambapo hakuna mtu wa kujibu. Orodha yenyewe niliijenga upya kutokana na folda zilizoko kweli kwenye seva mpya, nikaitupa ile ya zamani.

Kuna jaribio dogo ambalo tangu siku hiyo silikosi kabla ya kuacha kazi ya usiku:

```
env -u SSH_AUTH_SOCK ssh -o BatchMode=yes mpya true; echo $?
```

Ikijibu 0, seva inaweza kuingia bila mimi. Ikijibu 255, bado inategemea laptopu yangu hata kama kila kitu kinaonekana kwenda. Usiku wa pili, ningepata 255 kwa sekunde mbili.

Kabla sijaenda usiku wa tatu niseme neno juu ya tmux na screen, maana ndizo zilizotajwa pili na kila niliyemsimulia. Ni zana nzuri, nazitumia kila siku. Zinakupa terminali isiyofungwa nawe unapoondoka, na unaweza kuirudia kesho ukaikuta na maandishi yake. Kwa kazi ninayotaka kuirudia na kuizungumza nayo, tmux tu, sina mjadala. Lakini tmux isingeniokoa usiku wa pili: ndani yake pia SSH_AUTH_SOCK ni ileile niliyoingia nayo, na soketi ingefutwa vilevile. Watu wanaivaa kama hirizi.

Na disown, kwa aliyekwisha kuwasha kazi akakumbuka nohup baadaye: Ctrl-Z, `bg`, kisha `disown -h %1`. Inaizuia bash kuisambazia SIGHUP kazi hiyo. Maandishi yake hata hivyo bado yanaelekea terminali ileile, na terminali ikishaondoka kila jaribio la kuandika hurudi na kosa. Skripti yenye set -e inaweza kufia papo hapo, kwenye echo isiyo na hatia yoyote. Ni ya dharura.

Usiku wa tatu

Suala la ufunguo lilinilazimu kugeuza mwelekeo. Sikutaka seva inayoondolewa ibaki na ufunguo wa kuingilia seva mpya. Afadhali seva mpya ndiyo ivute. Nikatengeneza ufunguo wa kazi hii tu kwenye seva mpya, na kwenye authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa, ya seva ya zamani nikautangulizia `restrict` na `from=` yenye anwani ya seva mpya, usitumike kupitisha miunganisho mingine wala kutoka mahali pengine. Skripti ikahamia seva mpya. Nikapima kwa ile amri ya juu: 0. Nikawasha:

```
nohup ./hamisha.sh > hamisha.log 2>&1 < /dev/null &
```

Makundi mawili yakapita vizuri. Saa 19:12 nikaandika exit. Bahati nzuri, safari hii nilikuwa nimeanza kujishuku, nikarudi ndani baada ya dakika tano kuangalia. Mchakato haupo. Mstari wa mwisho wa hamisha.log ni wa 19:12. Hakuna kosa lililoandikwa. Sentensi imekatwa katikati.

SIGHUP haiwezi kuwa, tumeshaiziba. Ishara gani basi? Niliiwasha tena, na kabla ya kutoka nikaangalia mchakato unaishi kwenye ukoo gani:

```
$ cat /proc/12873/cgroup
0::/user.slice/user-1000.slice/session-14.scope
```

Angalia neno la mwisho. Systemd, programu inayosimamia huduma na vikao kwenye Linux, inamweka kila mtu anayeingia kwenye boksi la kikao chake, na kila mchakato anaouzaa humo, hata wenye nohup, hata tmux, unabaki ndani ya boksi hilo. Kwa kawaida mtu akitoka boksi huachwa mpaka waliomo wamalize. Ila ndani ya /etc/systemd/logind.conf kuna mstari wa KillUserProcesses, na kwenye seva hii ulisomeka yes. Maana yake: kikao kikifungwa, boksi zima linasafishwa. Waliomo wanapata SIGTERM, anayekaidi anapata SIGKILL, na SIGKILL haizibiki.

Mpangilio huo una historia ya ugomvi. Systemd toleo la 230, mwaka 2016, liliufanya yes kuwa chaguo-msingi, na watumiaji wa screen na tmux wakaja juu. Debian iliurudisha kuwa no kwenye vifurushi vyake. Kwa hiyo amri ileile, mtu yuleyule, seva mbili, majibu mawili. Unaweza kufanya kazi miaka kumi kwenye seva za aina moja usijue kwamba kitu hiki kipo.

Nilimwendea msimamizi wa seva mpya nikidhani nitakuta kosa la kusahau. Hakuwa amesahau.

"Nyie watu wa nohup," akaniambia, "mnaniachia michakato yatima. Nilikuta mmoja ulikuwa umekaa wiki tatu, mwenyewe hata hakumbuki aliuwasha wa nini. Ukitaka kazi ya kubaki, niambie nikufungulie, ibaki kwa jina."

Nilibisha kidogo, kisha nikanyamaza. Saa moja kabla nilikuwa nimeacha mchakato wangu wa majaribio hewani bila kuukumbuka.

Usiku wa nne

Alichonifungulia ni `loginctl enable-linger` kwa jina langu la mtumiaji. Hiyo inairuhusu systemd kuendesha meneja wa huduma zangu hata kama sina kikao chochote. Kazi sasa siizai mimi kwenye kikao changu. Ninamwomba meneja aizae yeye:

```
systemd-run --user --unit=hamisha \
  --working-directory=/hifadhi/kazi /hifadhi/kazi/hamisha.sh
```

Ikafa ndani ya sekunde mbili, nikiwa bado nimekaa palepale. Namba ya kutokea 127: amri haikupatikana. Programu ya kubadilisha niliisakinisha kwenye folda yangu ya nyumbani, na PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) inayoijua imeandikwa kwenye .bashrc, faili ambalo bash husoma inapoanza. Meneja hasomi .bashrc. Hata PATH nilikuwa ninaiazima kutoka kwenye kikao na sikujua. Nikaandika njia kamili ya programu ndani ya skripti, nikaiwasha upya saa 19:40.

Nikaangalia cgroup tena. Badala ya session-14.scope, njia sasa inapita user@1000.service na kuishia hamisha.service. Nikatoka, nikarudi, `systemctl --user status hamisha`: inakwenda. Nikatoka tena kwa ile njia mbaya, kwa kufunga laptopu ghafla, nikangoja dakika ishirini ili zile sekunde 924 zipite, nikarudi. Inakwenda. Maandishi yote yako kwenye `journalctl --user -u hamisha`, kila mstari na saa yake.

Kulikuwa na makundi 91 yaliyobaki. Asubuhi wa mwisho ulisomeka 04:06. Sikupiga simu. Kwanza nilihesabu folda za seva mpya, 118, kisha nikafungua faili moja la kundi la 17, lile lililokuwa linangoja wakala aliyelala, nikapitia kurasa zake mpaka ya mwisho. Ndipo nikampigia mwenzangu.

Mchana huo niliufuta ule mstari wa ufunguo kwenye authorized_keys ya seva ya zamani, nikamwandikia msimamizi kwamba anaweza kuendesha disable-linger. Alijibu baada ya dakika moja: "Umekuwa wa kwanza kurudisha."